Simbi, kete na dondo: duka moja la mapambo jijini Dodoma

Kwa fundi cherehani anayeishi Dodoma, zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, kupata dondo, ganda la baharini la kulainishia mishono, si jambo la kila siku. Ndiyo maana mteja wangu aliponieleza kwamba kuna duka dogo la mapambo, jirani na Soko la Majengo, linalouza simbi za kila namna, yaani maganda ya konokono wa baharini wa jamii ya dondo, nilifunga kazi mapema nikaenda. Nilinunua vitu vitatu: dondo moja, mkanda wa ngoma ulioshonewa simbi kwa ajili ya binti yangu, na kete za bao. Nimevitumia kwa miezi miwili.

Nianze na dondo, kwa kuwa ndilo lililonipeleka. Ni ganda la konokono mkubwa wa baharini, lenye madoadoa meusi na mgongo mviringo unaojaa kiganjani, na mafundi wa pwani wamekuwa wakilitumia kulainishia mishono: unakunja upindo, unapitisha mgongo wa ganda juu yake kwa kukandamiza, na kitambaa kinatulia hata kabla ya pasi. Nililolinunua kwa Sh 12,000 ni zito, halina ufa, na limekuwa msaada mkubwa hasa kwenye kosi za kanzu. Bibi yangu aliyenifundisha kushona alikuwa na dondo moja tu maisha yake yote, na sikumbuki kama aliwahi kutafuta la pili.

Kwa sababu hiyo hiyo sikufurahia kuona rafu nzima ya madondo yaliyopangwa kama pambo la sebuleni. Konokono huyu akiwa hai hulifunika ganda lake kwa utando wa nyama unaolijenga na kulilinda, nao ndio unaolipa mng'aro ule. Ganda lililolala ufukweni siku nyingi husuguliwa na mchanga na kupauka kwa jua. Dondo linalong'aa kama kioo, basi, kwa kawaida limetoka kwa konokono aliyechukuliwa hai kwenye mwamba maji yalipokupwa. Jike lake hulalia mayai, kwa hiyo anayembeba wakati huo huyaacha mayai bila mlinzi. Nilipomuuliza dada muuzaji mzigo wake unatoka wapi, alinijibu kwa upole kwamba unatoka pwani, na hakuwa na zaidi ya hilo. Duka linalouza kitu cha bahari lingepaswa kuweza kumjibu mnunuzi swali hilo.

Mkanda ndio ulionigharimu zaidi, Sh 35,000, na ndio wenye mengi ya kusemwa. Muuzaji alieleza bei hiyo kwa kusema kwamba simbi zilikuwa fedha za zamani, na katika hilo alisema kweli. Waganda hadi leo huita fedha ensimbi, na katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wakipakia simbi za pete Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi kwa wingi mno, hadi thamani yake huko ikaporomoka. Simbi ya pete huitwa hivyo kwa duara la manjano lililo mgongoni mwake. Katika mkanda huu duara hilo halionekani, kwa sababu migongo imekatwa ili simbi zilale bapa kwenye ngozi, tumbo lenye meno likitazama nje. Mpangilio wake ni mzuri sana, mistari imenyooka, na shanga nyekundu zilizotiwa katikati zinapendeza kwa macho ya watu wa Ugogo, tuliozoea shanga kuliko simbi.

Kasoro iko upande usioonekana. Kingo za mikato hazikupigwa tupa wala msasa, nazo ni kali kama kigae kilichovunjika. Kila binti yangu anaporuka katika mazoezi, ukingo unaukata uzi kidogo kidogo, na katika wiki ya tatu simbi saba zilikuwa zimekwisha kudondoka. Nilizisugua zote kwa msasa laini, nikazishona upya kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na tangu hapo hakuna iliyotoka. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili, ingawa fundi wa duka angeimaliza kwa saa moja kabla ya kushona.

Kosa kubwa zaidi ni ushauri niliopewa wa kuondoa vumbi kwa maji ya limau. Ganda la simbi ni la chokaa, na tindikali huila chokaa. Nilijaribu kwanza kwenye simbi moja iliyodondoka: ilitoa mapovu papo hapo, na ilipokauka mng'aro ulikuwa umekufa. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha. Mapovu hayo, hata hivyo, ni njia nzuri ya kutambua simbi za plastiki, ambazo hazitoi lolote. Nilitia tone la siki kwenye kila aina niliyonunua, na zote zilikuwa za kweli.

Kete 64 nilizipata kwa Sh 16,000, na sina lawama. Neno kete lenyewe ni jina la simbi ndogo, ingawa wachezaji wengi wa bao hutumia komwe, yaani mbegu ngumu za mkomwe. Hizi zimechaguliwa kwa ukubwa unaokaribiana, migongo yao ni mizima, na hukaa vizuri mkononi mtu anaposambaza.

Nimerudi wiki iliyopita kuagiza mkanda wa pili kwa rafiki wa binti yangu, nikaomba kingo zisuguliwe mbele yangu kabla simbi hazijashonwa. Dada muuzaji amekubali, akaongeza Sh 3,000 kwenye bei, nami nimelipa bila kusita.