Munganga wa mdomo kule Nguba: namupa nyota 4, ya tano ilibakia ndani ya bokali (chupa ya labo)

Wenye wananijua wanajua mi si mutu wa kusifia kliniki. Hapa Bukavu ukiingia kwa munganga wa meno na jino linakuuma, unatoka bila jino, na siku zingine si lile lenye lilikuwa linauma. Lakini hii naiandika juu jana usiku nimekula sambaza ya kukaanga, sahani nzima, bila kulia, na kwa mwaka mzima sikuweza.

Muelewe kwanza shida ilikuwa nini. Mwezi wa 2 mwaka jana nilianza kusikia mdomo unachoma nikikula kitu chenye ndimu ao tomati, nikafikiri ni pilipili ya kwa dada mwenye anatupikiaka kazini. Siku moja nikajiangalia kwenye kioo na toshi ya simu, nikaona ndani ya mashavu, pande zote mbili, kuko mistari myeupe, myembamba, inapitana pitana kama krosheti ya mama mukubwa wangu, na ufizi wa juu umekuwa mwekundu, unabambuka ukipiga mswaki. Nikaenda kwa kituo kimoja cha afya (jina naacha), wakaangalia sekunde tano, wakasema shampinyo (fangasi), wakanipa nistatini ya kusukutua. Wapi. Nikarudia, wakanipa flukonazoli. Wapi. Mara ya tatu wakanirudishia nistatini ileile na vitamini juu yake, na siku hiyo hata hawakunifungulisha mdomo. Miezi saba imepita hivyo. Nilikonda mpaka majirani wakaanza kunisalimia na sauti ya chini, unajua ile salamu yenyewe, na shangazi yangu akasema waziwazi hii ni karuho, sumu ya kupewa na watu, nitafute mutu wa kunitapisha. Siwadanganye, nilikaribia kwenda.

Njo mwenzangu mmoja wa kazini akanipeleka kwa huyu munganga wa Nguba. Ni munganga wa meno ndiyo, lakini alisomea pia magonjwa ya ile ngozi laini ya ndani ya mdomo, na hiyo njo kazi anapenda, unaiona kwa macho yake. Jina simutaji, aliniomba mwenyewe, eti nikitangaza watu watajaa kwake na meno ya kung'oa. Mwenye anahitaji aniandikie pembeni.

Mahali penyewe: ngazi nyingi, jenereta inapiga kelele chini ya dirisha, viti vya plastiki, mulolongo wa kawaida. Kumuona ni dola 15. Siku ya mposho (jumamosi) musiende, mutalala pale.

Sasa kazi yenyewe. Aliniuliza maswali karibu nusu saa kabla ya kugusa kitu, na mi nikawa nawaza huyu anapoteza muda wangu, kumbe kila swali lilikuwa na sababu yake. Niko nakunywa dawa ya tansio (presha)? Juu kuko dawa za tansio, dawa za kuondoa maumivu, hata zingine za malaria, zenye zinaweza kuchora mdomo mistari inafanana sana na hii, ukiacha dawa nayo inaenda pole pole. Niko na plombaji ya zamani, jino lenye limezibwa na ile ya rangi ya chuma? Juu nayo inaweza kuwasha ngozi ya shavu pale inapogusa, lakini basi doa linabakia palepale pembeni ya lile jino, halisambae pande mbili. Sehemu za siri zinawasha? Nikanyamaza. Akasema "mama, si udaku, ugonjwa moja unaweza kukaa mdomoni na kule pia, na kwenye ngozi ya mikono." Nikajibu.

Kisha akachukua komprese kavu, akapangusa ule weupe. Haukutoka. Akanionyesha na kioo kidogo: "Mama unaona? Ile shampinyo nyeupe ya kawaida, ukipangusa inatoka kama maziwa yameganda, na chini panabakia pekundu. Hii yako haitoki." Jamani! Komprese moja tu! Kitambaa cha franka ngapi? Na mi nimekunywa dawa za shampinyo miezi saba. Hapo nilisikia hasira mpaka machozi, na yeye akaacha nilie, akaendelea kuandika.

Hakunipa dawa siku ile. Alinipeleka kupima damu kwanza: sukari, sida (ukimwi), epatiti C (ya maini), na kama damu imepunguka. Ya sida sikupenda, lakini alinieleza kwamba kuko weupe ingine inashika pembeni ya ulimi, nayo haipangusike, na inaonekana zaidi kwa watu wenye kinga imeshuka, kwa hiyo hawezi kubahatisha. Zote zikatoka safi. Akasema basi tutakata.

Biopsi, njo kule kukata kanyama ka kupima, kwa wenye wanaogopa kama mi nilivyokuwa naogopa: sindano ya ganzi njo inauma, kisha hausikie kitu. Anatumia kakifaa ka mviringo kenye wembe, milimita 4, anazungusha kama mutu anatoboa boga, anatoa kanyama kadogo, uzi moja, basi. Nilirudi nyumbani na moto (pikipiki). Siku mbili nikakula uji wa baridi tu. Dola 50, na dola 40 zingine za labo juu bokali inavuka mto Ruzizi inaenda kusomwa Kigali.

Alikata vipande viwili, na hapa njo ile nyota ya tano ilipopotelea. Kipande cha kwanza ni cha kuangalia sura ya chembechembe, hicho kinaingia kwenye formoli, dawa ya kutunza nyama isioze. Cha pili alikikata pembeni ya mahali pagonjwa, juu ufizi wangu ulikuwa unabambuka na alitaka kuondoa shaka kama si pemfigo ao pemfigoidi, yale magonjwa ya malengelenge mwili unapojitengenezea silaha za kujipiga wenyewe. Cha pili hakiingie kwenye formoli, kinaingia kwenye maji yake maalumu, wanaita maji ya Michel, ili labo wamwage dawa yenye inang'aa kijani chini ya hadubini na waone zile silaha zimekaa wapi. Alinieleza vizuri sana: pemfigo inang'aa kama wavu wa kuvulia sambaza, kila chembe imezungukwa, na pemfigoidi inang'aa mstari moja umenyooka pale ngozi inaposhikana na nyama ya chini. Nilipofika nyumbani nikasoma, kumbe kazi hiyo si ya jana, watafiti Beutner na Jordon walionyesha zile silaha za pemfigo kwa njia ya kung'aa tangu 1964. Sasa musaidizi wake, kijana muzuri, mwenye adabu, akatumbukiza vipande vyote viwili kwenye formoli. Vyote! Tulikuja kujua wiki tano baadaye, wakati karatasi ilirudi na neno moja, kipande cha pili hakisomeki. Formoli inaharibu kile walichokuwa wanatafuta.

Dokta mwenyewe aliniita, akaomba samahani bila kuzunguka, akanirudishia pesa ya kile kipande, akasema naweza kukatwa tena bure. Bure ndiyo, lakini dokta, nyama ni ya nani? Na wiki tano za kungoja karatasi ni nyingi, bila hata ujumbe, mi njo nilikuwa napiga simu kila siku ya tatu.

Bahati kipande cha kwanza kilisema wazi: likeni plani. Jina nililipenda, mutanisamehe. Likeni ni vile vitu vya kijivu vinaota juu ya mawe na kwenye magome ya miti, ukienda kule mulima wa Kahuzi utaona miti imejaa. Munganga Erasmus Wilson wa London alilipatia ugonjwa jina hilo mwaka 1869, na ile mistari yangu ya krosheti nayo iko na jina la mutu, Wickham, Mufaransa, tangu 1895. Kwa hiyo ugonjwa unajulikana miaka zaidi ya 150, karibu mutu 1 kwa 100 anao, wanawake zaidi, miaka 40 kwenda juu zaidi, na mi hapa nilikuwa natafutiwa mutu wa kunitapisha.

Vile alinieleza: askari wa mwili, wale wa damu nyeupe, wanajipanga mstari chini tu ya ngozi ya mdomo na kushambulia safu ya chini kabisa, ile yenye inazaa ngozi mpya. Hadubini ilionyesha lile jeshi wazi, kama ukanda. Kwa nini wameanza? Hapo sayansi yenyewe haijamaliza kujibu, na nilipenda vile alisema hivyo bila aibu. Haiambukizi, kwa hiyo kikombe munaweza kushirikiana (bwana wangu alikuwa ananipa kikombe changu pekee tangu mwezi wa 5, tumeshaongea na yeye). Haiponi moja kwa moja, inatulizwa.

Dawa: pomadi ya klobetasoli, unapangusa ufizi ukauke, unapaka kidogo, hukule wala hukunywe nusu saa. Dawa ya meno nikabadilisha, yenye haina ile sabuni ya povu, juu inachoma ngozi imeshaumia. Na sasa mucheke na mi: ile pomadi inalaza askari wa mdomo, kwa hiyo inaweza kuleta shampinyo, ya kweli sasa, njo akaniongezea jeli ya shampinyo. Nilimuangalia. Akaniangalia. Tukacheka wote wawili.

Wiki ya tatu kuchoma kulipunguka, mwezi wa pili ufizi ukaacha kubambuka. Mistari bado iko, haisumbue. Kuhusu kile kipande kilichoharibika tulikubaliana asinikate tena kwanza juu dawa imejibu, ila nikiona lengelenge hata moja nirudi bila kungoja randevu. Na kila miezi 6 lazima anione hata kama sina maumivu, juu kwa wagonjwa 100 karibu mmoja inaweza kugeuka kansa baada ya miaka, na hiyo ukiikamata mapema ni kitu kingine kabisa. Aliniambia pia kidonda chochote cha mdomo kikipita wiki 2 bila kupona kiangaliwe, ngozi ya mdomo inajibadilisha haraka, haina sababu ya kuchelewa hivyo. Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu siku hiyo. Hakusema kitu, lakini juu ya pikipiki nikaona anajiangalia ulimi kwenye kioo cha motari.

Bei kwa jumla, na damu na dawa, ilinifikia karibu dola 140. Ni pesa. Nilihesabu nistatini zote za ile miezi saba, na transporti, na siku za kazi zenye walinikata, sikumaliza kuhesabu.

Randevu yangu ingine ni mwezi wa 3. Kijana wa bokali bado yuko, alinisalimia vizuri, na sasa kuko chupa mbili juu ya etajeri, moja ameiandika na marker nyekundu, herufi kubwa, HII SI FORMOLI.