Viazi vya Dalia kutoka Kitalu cha Kando ya Barabara, Dodoma

Katikati ya Desemba, mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha udongo, nilinunua viazi sita vya dalia katika kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Dodoma, kwa shilingi 5,000 kila kimoja. Dalia ninayoizungumzia si ile poda ya manjano ya kujipaka, bali ni ua lenye petali nyingi lililotokea nyanda za juu za Mexico, ambako tangu mwaka 1963 ndilo ua la taifa.

Vinne vilichipua. Viwili vilivyosalia nilivifukua baada ya wiki tano, nikavikuta vigumu na vizima, ila shingo zake zilikuwa zimekatwa chini mno, bila hata kipande cha shina la zamani. Kiazi mviringo hubeba macho mwili mzima, lakini macho ya dalia hukaa pale tu shingo inapoungana na shina, kwa hiyo kiazi kilichotenganishwa bila sehemu hiyo hakitachipua hata kikitunzwa vipi. Nilipovirudisha, kijana wa kitaluni aliniambia, "Mama, hivi vimekosa maji tu," ushauri ambao ungeviozesha, maana kiazi kisichochipua bado hakina mizizi ya kunywea maji hayo. Hata hivyo alinibadilishia kimoja bila ubishi na kuniacha nichague mwenyewe, nami nikachukua chenye kinundu cha rangi ya waridi shingoni, kidogo kama punje ya mtama.

Samadi yao ya mbuzi naisifu bila kusita: imeoza vizuri, haina harufu, na debe moja lilitosha kuutia nguvu udongo wangu mwekundu wa kichanga. Maelekezo yao ndiyo yaliyopungua. Waliniambia nipande mahali penye jua kutwa, lakini miche iliyostawi zaidi ni miwili iliyo karibu na mwarobaini, inayopata kivuli kuanzia saa nane mchana, ilhali mingine iliungua ncha za majani. Tena hawakunitajia miti ya kuegemeza, ambayo inafaa kuchomekwa siku ileile ya kupanda, kwa kuwa ukichelewa unaweza kukitoboa kiazi ardhini. Nami upepo wa Dodoma ulinivunjia shina moja lililokwisha kubeba vikonyo vitatu.

Ua la kwanza lilifunguka mwanzoni mwa Machi, pana kama kisahani cha chai. Niliuziwa kuwa ni jekundu, likatoka zambarau. Sikulalamika, kwa sababu ni zuri.

Mwakani nitarudi kununua samadi. Viazi sitanunua tena pale: majani yakishanyauka nitafukua vyangu na kuvigawa kwa kisu kikali, kila kimoja kikibaki na kipande chake cha shina.