Faili la jeshi la mzee aliyehama: anzia kurasa za mshahara (uzoefu wangu)

Watu wengi wanaomtafuta mzee wa ukoo aliyehamia ng'ambo huanzia kwenye orodha za abiria wa meli. Mimi nasema anzieni jeshini, mradi mzee huyo alikuwa na umri wa kushika bunduki vita ilipomkuta huko alikohamia. Karani wa meli alitaka jina, umri na kazi, basi. Jeshi lilitaka kujua mtu huyu akifa habari apelekewe nani, na akiwa hai mshahara wake atumiwe nani kila mwezi. Huyo "nani" ndiye unayemtafuta.

Huduma ninayoizungumzia ni mkusanyo wa mafaili ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ulio kwenye tovuti ya Library and Archives Canada, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Kanada. Ni mafaili zaidi ya 620,000 ya watu walioingia Canadian Expeditionary Force, jeshi lile Kanada ililolipeleka kupigana Ulaya. Kazi ya kuyapiga picha yote na kuyaweka mtandaoni ilikamilika 2018. Hulipi hata senti. Unaandika jina, unafungua, unasoma karatasi zenyewe kama zilivyo, pamoja na mihuri na madoa ya wino.

Niliyekuwa nikimtafuta ni babu yake baba mkwe wangu. Upande wa mume wangu walijua mambo matatu tu: alitoka Uskoti akiwa kijana mdogo, alipigana Ufaransa, na hakupenda kuulizwa habari za kwao. Kabla ya hapo tulishalipia tovuti moja kubwa ya nasaba, sitaitaja, ile aina inayokata pesa kwenye kadi kila mwezi. Ilitumwagia mapendekezo mengi, na mengi yake yalikuwa ya mtu mwingine mwenye jina kama lake aliyezaliwa Ayalandi. Watu walishamwingiza huyo Muayalandi kwenye miti yao ya ukoo, wakanakiliana wao kwa wao, mpaka kosa likaonekana lina mashahidi wengi. Na kujitoa kwenye malipo ilikuwa kazi ya kubembelezana kwa barua pepe.

Kwenye faili la jeshi hakuna mapendekezo. Kuna mtu na karatasi zake, kwa kawaida kati ya 25 na 75, za wengine zaidi.

Karatasi ya kwanza ni fomu ya kujiandikisha, na ndiyo kila mtu huifurahia. Ina tarehe na mahali alipozaliwa, kazi, dini, kama ameoa, ndugu wa karibu na anwani yake. Upande wa nyuma kuna maelezo ya mwili: urefu, upana wa kifua, rangi ya macho na nywele, makovu. Wetu alikuwa mfupi, macho ya kijivu, kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Chini kuna sahihi yake, imelala upande kama ya mtu aliyeharakishwa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapofunga faili na kwenda zao, na hapa ndipo ningewashika mkono. Fomu ile ilijazwa kwa kauli ya mtu mwenyewe. Hakuna aliyedai cheti cha kuzaliwa. Kijana aliyepungukiwa na umri alijiongezea, mzee aliyezidi alijipunguzia, na mtu wa kijiji kisichojulikana alitaja mji mkubwa ulio karibu ili kumrahisishia karani. Wetu aliandika kazaliwa Glasgow, 1896. Ndugu wa karibu akamtaja kaka yake, anwani Winnipeg. Yaani jibu lote liko Kanada na halikurudishi Uskoti hata hatua moja. Tungeishia kwenye ukurasa huo, tungekuwa bado tunahesabu wavulana wa Glasgow wenye jina hilo, na si haba.

Kurasa za pesa ni kitu kingine. Askari wa kawaida wa Kanada alilipwa dola 1 kwa siku, pamoja na senti 10 za posho ya uwanjani. Sehemu ya mshahara huo aliweza kuielekeza nyumbani, na mke wake, au mama mjane aliyekuwa akimtegemea, aliweza kupata posho ya serikali juu yake, ambayo mwanzoni ilikuwa dola 20 kwa mwezi. Kwenye uongo wa umri jeshi lilifumba macho. Kwenye pesa halikufumba. Hundi ilipaswa kumfikia mtu halisi kwenye mlango halisi, na akihama, karani alikata anwani ya zamani na kuandika mpya.

Kwenye kadi ya mshahara ya wetu, dola 15 kila mwezi zilikwenda kwa mwanamke mmoja wa Greenock, bandari iliyoko chini ya Glasgow kwenye mto Clyde. Uhusiano umeandikwa "mama". Jina lake la ukoo si la mwanawe. Anwani ya Greenock imepigwa mstari, juu yake kwa wino mwekundu imeandikwa nyingine ya Paisley, na pembeni kuna tarehe ya badiliko, 1917. Kadi nzima haizidi ukubwa wa bahasha, na ilitupa vitu vitatu kwa mpigo: mama alikuwa hai, alikuwa ameolewa tena, na walikuwa watu wa Greenock.

Kutoka hapo kazi ilihamia kwenye daftari za Uskoti zenyewe, kupitia tovuti ya ScotlandsPeople. Hiyo unalipia kwa kila picha unayofungua, na kwa maoni yangu ni pesa halali, kwa sababu vyeti vya Uskoti vimeshiba. Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza huko 1855, na cheti cha kuzaliwa cha miaka tuliyokuwa tunaitafuta kinataja jina la mama kabla hajaolewa, na pia siku na mahali wazazi walipofunga ndoa. Ukimpata mtoto mmoja, una ndoa ya wazazi mkononi. Wetu alizaliwa Greenock, 1898. Alipojiandikisha Winnipeg mwishoni mwa 1915 alikuwa na miaka 17. Baba mkwe aliposikia alicheka, akasema ndiyo maana mzee aliadhimisha siku yake ya kuzaliwa lakini hakuna aliyejua anatimiza ngapi.

Kuna ukurasa wa pili ambao watu huuruka, nao ni wa kuachishwa jeshi. Humo askari aliulizwa anakusudia kwenda kuishi wapi. Familia ilikuwa imemsaka Manitoba, jimbo lenye mji wa Winnipeg, kwa sababu ndiko alikojiandikishia. Karatasi ya 1919 inasema Hamilton, Ontario. Vita ilimhamisha mara ya pili, na bila karatasi hiyo hakuna sensa ambayo ingetuonyesha.

Katikati ya faili kuna mambo ya kusoma taratibu, si kwa ajili ya nasaba bali kumjua mtu. Alilazwa kwa matubwitubwi. Alipotea kambini Uingereza siku kadhaa bila ruhusa, akakatwa mshahara. Tarehe zinafuatia wiki aliyokuwa na likizo ya kwenda kaskazini, na kila mmoja nyumbani ana nadharia yake kuhusu alikokuwa. Mimi nasema alikuwa kwa mama yake.

Jiandae na mwandiko na vifupisho. T.O.S. ni kupokelewa kwenye kikosi, S.O.S. ni kuondolewa kwenye orodha ya kikosi, wala si kuomba msaada. C.C.S. ni kituo cha matibabu karibu na mstari wa mbele. G.S.W. ni jeraha la risasi. V.D.G. na V.D.S. ni magonjwa ya zinaa, kisonono na kaswende, na hayo yanajitokeza kwenye mafaili mengi kuliko utakavyopenda, kwa hiyo soma mwenyewe kwanza kabla ya kumfungulia shangazi.

Kama jina ni la kawaida, tafuta namba ya jeshi. Vikosi vilipewa mafungu yao ya namba, hivyo namba yenyewe inadokeza mtu alijiandikishia wapi. Na kama kuna nishani imebaki kwenye droo ya mtu, igeuze uangalie ukingoni: nishani za Uingereza na himaya yake za vita ile ziligongwa namba, jina na kikosi. Kwa majina yanayoanza na Mac au Mc jaribu tahajia zote mbili.

Mzee wako hakwenda Kanada? Hali inatofautiana sana. Australia imeweka mafaili ya vita hiyo mtandaoni bure kupitia hifadhi yake ya taifa, na yanasomeka vizuri vilevile. Newfoundland haikuwa sehemu ya Kanada mpaka 1949, ilikuwa na kikosi chake, kwa hiyo usimtafute mtu wake kati ya hao 620,000 ukakata tamaa. Kwa jeshi la Uingereza lenyewe, ghala la mafaili lilipigwa bomu London mnamo Septemba 1940, na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa vita ya kwanza yaliungua. Mengine yaliyopona yana kingo za makaa.

Marekani nayo ilipoteza mafaili kati ya milioni 16 na 18 katika moto wa St. Louis wa 12 Julai 1973, na jeshi la nchi kavu ndilo lililoumia zaidi. Lakini kwa wahamiaji Marekani ina kitu ambacho moto haukukigusa: kadi za kujiandikisha kwa ajili ya kuitwa jeshini za 1917 na 1918, zinazofikia watu milioni 24, wakiwemo wageni ambao hawakuwa raia na hawakuwahi kuvaa sare. Angalia tu ni kadi ya awamu ipi. Ya Juni 1917 iliuliza mtu alizaliwa mji gani na nchi gani. Ya Septemba 1918 haikuuliza alikozaliwa, ila iliuliza ndugu wa karibu na anwani yake, na wapo waliojaza jina la mama aliyebaki kijijini Ulaya.

Vita ya pili ni habari nyingine. Kwa Kanada, mafaili ya waliokufa vitani yako wazi. Ya waliorudi wakiwa hai unayaomba kwa maandishi, na kama mtu amefariki chini ya miaka 20 iliyopita kuna masharti ya faragha. Tayarisha uthibitisho wa kifo chake kabla ya kutuma ombi, maana watakuomba.

Nyota tano kwa yale ya vita ya kwanza. Pakua faili zima, si ukurasa wa mbele tu, halafu ruka moja kwa moja mpaka kwenye kadi yenye safu za miezi na dola.