Programu za simu za majina ya Kiislamu: zipime kabla hujamwita mtoto

Fungua programu yoyote ya majina ya Kiislamu, andika Asiya, kisha soma inavyokujibu. Hicho ndicho kipimo cha kwanza tunachopendekeza, na hakimalizi hata dakika moja. Kwa Kiarabu, Asiya ni mbili. Ya kwanza inaanza kwa alifu yenye madda (alama ya kuvuta a) na ina sini: ni jina la mke wa Firauni, aliyesifiwa katika aya ya 11 ya Surat At-Tahrim bila kutajwa jina, na akatajwa kwa jina katika hadithi. Ya pili inaanza kwa ain na ina swadi: maana yake ni mwanamke muasi. Mtume (s.a.w.) alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa hivyo akamwita Jamila, na hadithi yake imo katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim. Kwa herufi za Kilatini zote mbili huandikwa sawasawa. Programu ikikupa Asiya bila Kiarabu chake, imekupa sauti tu. Jina lenyewe bado hujalipata.

Mapitio haya ni ya programu hizo, za bure na za kulipia, pamoja na vijitabu vya majina vinavyouzwa kando ya misahafu. Hatuzitaji moja moja, kwa kuwa nyingi zina orodha zinazofanana mno na makosa yake ni yale yale. Muhimu ni kujua namna ya kuzipima.

Tuanze na herufi, maana hapo ndipo makosa mazito yalipo. Kiswahili kimehifadhi baadhi ya tofauti. Tuna th, kwa hiyo Harith, yaani mlimaji, halichanganyiki na Haris, yaani mlinzi. Wanaoandika Twaha, Swabra na Naswir wanaonyesha twa na swadi, na hiyo w si pambo. Ila penye dh tunapotea, kwa sababu dh yetu moja inabeba dhali, dhwadi na dhwa. Chukua Nadhira. Katika Surat Al-Qiyama, aya ya 22 inasema nyuso siku hiyo zitang'ara, na neno la kung'ara ni nadhira kwa dhwadi. Aya ya 23 inasema zitamwangalia Mola wao, na neno la kuangalia ni nadhira kwa dhwa. Ukiandika kwa dhali na kuvuta i, unapata mwonyaji wa kike, kutoka nadhir, sifa ambayo Qur'ani imempa Mtume. Maana tatu, zote njema, lakini mtoto ana moja. Programu nyingi hutoa moja tu bila kukwambia ni ipi, na nyingine huandika "mwenye kung'ara, mwonyaji, mtazamaji" kwa mkupuo kana kwamba ni maana za neno moja.

Kuna jozi isiyo na usalama huo. Alim kwa ain ni mjuzi. Alim kwa alifu yenye hamza ni chenye kuumiza, na neno hilo limekuja mara nyingi katika Qur'ani pamoja na adhabu: adhabun alim. Hawa vilevile. Kwa ha kubwa, ile ya Ahmad, na wau yenye shadda (alama ya kukaza herufi) ni mama yetu, mke wa Adamu. Kwa ha ndogo, ile ya Harun, ni matamanio ya nafsi. Ndiyo maana sharti letu la kwanza halina mjadala: programu ioneshe jina kwa Kiarabu, tena lenye irabu kamili za fatha, kasra na dhumma, shadda na madda. Kiarabu kisicho na irabu ni nusu ya kazi.

Kipimo cha pili ni kichupo cha "Majina ya Qur'ani", ambacho karibu kila programu inacho. Kiguse, halafu mtafute Khadija, Fatima na Aisha. Ukiwakuta humo, programu imekosea. Mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Qur'ani ni Maryam, na swahaba pekee ni Zaid, katika aya ya 37 ya Surat Al-Ahzab. Mitume waliotajwa kwa majina ni 25. Hilo halipunguzi heshima ya Khadija wala Fatima. Linaonyesha tu kwamba aliyeandaa orodha hakurejea kwenye msahafu. Kichupo kizuri huandika sura na aya mbele ya kila jina: Kauthar 108:1, Tasnim 83:27, Salsabil 76:18, Afnan, yaani matawi, 55:48. Rayyan hulikuti katika Qur'ani, ingawa orodha nyingi huliweka humo; ni mlango wa Peponi wa wafungao, na ushahidi wake ni hadithi.

Na neno kuwamo katika Qur'ani hakulifanyi kuwa jina. Surat Al-Humaza peke yake ina maneno matatu yenye mlio mtamu wa kike: humaza, lumaza na hutama. Mawili ya kwanza ni msengenyaji na mwenye kuaibisha watu. La tatu ni moto wa Jahannamu. Mzazi anayefumba macho, akafungua msahafu na kuweka kidole, anaweza kuangukia hapo. Programu yenye kitufe cha "jina la bahati nasibu kutoka Qur'ani" inafanya jambo lile lile.

Safu ya maana nayo isomwe kwa makini. Kosa linalojirudia ni kumtaja mwenye jina badala ya maana ya jina. "Khadija: mke wa kwanza wa Mtume." Huyo ni mtu. Maana ya khadija ni aliyezaliwa kabla ya kutimia muda wake. "Bilal: mwadhini wa kwanza." Huyo pia ni mtu, mzizi wa neno ni unyevu, maji yanayotuliza koo. Familia inayompa mtoto jina la Bilal kwa ajili ya Bilal bin Rabah imefanya vyema, wala haihitaji maana nyingine, ila programu ingetenganisha: maana ya neno hapa, aliyelibeba pale. Majina ya mitume wa kale yanahitaji uangalifu zaidi, maana asili yake si Kiarabu. Ismail ni la Kiebrania, lina maana ya Mungu anasikia. Zakaria, Mungu amekumbuka. Programu inayoyalazimishia mizizi ya Kiarabu inabuni.

Majina ya Kiajemi huwekwa pia chini ya "Kiarabu": Shirin, Parwin, Firoz, Yasmin. Dini haikatazi jina lisilo la Kiarabu likiwa na maana njema, kwa hiyo hapa tunalalamikia lebo, si jina. Nyingine zina orodha zilizopitia Kiurdu, na hapo dh hugeuka z. Ukiandika Ridhwani ukakosa, jaribu Rizwan. Fadhili ni Fazal, Ramadhani ni Ramzan. Usichukue tahajia hiyo moja kwa moja. Chukua Kiarabu chake, kisha uandike kwa Kiswahili.

Kuhusu jinsia, andika Hudhaifa, Talha na Usama. Yote ni ya wanaume ingawa yanaishia kwa ta marbuta, herufi ambayo kwa kawaida ni alama ya kike, na orodha iliyopangwa kwa kuangalia mwisho wa neno huyatupa kwa wasichana. Kisha andika Hind, ambalo ni la kike na halina alama yoyote ya kike.

Sehemu ya majina ya Abdi, yaani yanayoanza na neno la "mja", ndiyo tunayoiona dhaifu kuliko zote, na inasikitisha, kwa sababu hadithi ya Muslim inasema majina yapendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman. Programu nyingi huchukua orodha ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu, zikaunganisha Abdul mbele ya kila moja, zikamaliza. Hadithi ya majina 99 imo katika Bukhari na Muslim bila kuorodheshwa. Orodha inayojulikana iko katika mapokezi ya Tirmidhi, na wanazuoni wengi wa hadithi wanaiona imeongezwa na msimulizi. Kwa hiyo si kila jina la orodha lina daraja moja. Pia programu haikwambii kinachotokea kwenye fomu. "Abdul Rahman" ikiandikwa kwa maneno mawili, jina hukatika: shuleni anaitwa Abdul, neno ambalo halijakamilika, maana yake "mja wa..." tu, au anaitwa Rahman, sifa ya Mwenyezi Mungu peke yake. Andika Abdulrahman au Abdurahman, neno moja, kuanzia karatasi ya kwanza ya hospitali. Karim, Rashid na Halim ni tofauti, hayo mja huweza kuitwa. Kwa wasichana kuna Amatullah na Amaturrahman, yenye maana ile ile ya mja, na programu nyingi hazina hata moja.

Programu bora hutofautisha haramu na makuruhu, yaani lisilopendeza ila si dhambi. Muslim amepokea katazo la kumwita kijana Rabah, Yasar, Aflah au Nafi', kwa sababu mtu atauliza kama yupo, naye ajibiwe hayupo, ikawa kana kwamba faida au wepesi haupo nyumbani. Wanazuoni wamelichukua kuwa ni karaha. Orodha inayoweka majina hayo kwenye nyekundu pamoja na "Mfalme wa wafalme", ambalo ni haramu, inatisha watu bure, na isiyosema lolote inawanyima elimu.

Namba ya bahati, siku ya bahati, jiwe na sayari ya kila jina: ukiona safu hizo, futa programu. Huo ni unajimu, na aliyeuingiza kwenye majina ya Kiislamu hana sifa ya kukuchagulia jina.

Kikumbusho cha siku ya saba, siku ya akika na kumpa mtoto jina, ni huduma nzuri yenye kasoro moja ya hesabu. Simu hubadilisha siku saa sita usiku. Siku ya Kiislamu hubadilika Magharibi. Kwa hesabu ya madhehebu ya Shafii, mtoto aliyezaliwa Jumatatu saa tisa alasiri, siku yake ya saba ni Jumapili, maana siku ya kuzaliwa huhesabiwa. Aliyezaliwa Jumatatu hiyo hiyo saa mbili usiku, hesabu yake huanza Jumanne, na ya saba ni Jumatatu inayofuata. Simu itawapa wote Jumapili. Wafuasi wa madhehebu ya Maliki hawahesabu siku ya kuzaliwa kwa aliyezaliwa baada ya alfajiri, kwa hiyo rekebisha tarehe kwa mkono. Na jina halilazimiki kusubiri siku ya saba: Mtume alimpa mwanawe jina la Ibrahim usiku aliozaliwa.

Vijitabu? Chenye Kiarabu cha irabu tunakiweka juu ya programu nyingi kwa uamuzi wa mwisho, ingawa kutafuta ndani yake ni taabu kwa kuwa hufuata mpangilio wa alifu, ba, ta. Nakala za fotokopi ziepuke, nukta hupotea, na nukta moja ndiyo inayotenganisha dhwadi na swadi. Programu za akili mnemba hujibu kwa ufasaha, lakini huweza kubuni hadithi na namba ya aya. Ziombe zitaje herufi za mzizi moja moja, kisha mpelekee mwalimu wa chuo cha Qur'ani au uzilinganishe na kamusi ya Kiarabu.

Kuna kitufe cha mwisho ambacho wengi hukifurahia: kadi ya kumtangaza mtoto, jina likiwa kwa hati ya Kiarabu. Kabla ya kuituma au kuichapisha, hakikisha herufi zimeshikana na zinasomeka kuanzia kulia. Baadhi ya programu na mashine za kuchapia huziachanisha na kuzigeuza, na jina la Muhammad likatoka dali, mim, ha, mim, kila herufi peke yake.