Samsung 870 EVO na RAM ya GB 16 ndani ya kompyuta kongwe ya gemu: tathmini kwa watu wa Malindi na Lamu

Ukiingia chumba cha gemu mtaani Malindi, iwe Maweni au Shela, usishangae kukuta kompyuta iliyoanza maisha yake ofisini Ulaya: HP EliteDesk 800 G1, Dell OptiPlex 9020 au Lenovo ThinkCentre M93p. Prosesa ni Intel Core i5 ya kizazi cha 4, kile kilichotoka 2013. Kadi ya grafiki imeongezwa baadaye, mara nyingi GTX 1050 Ti kwa sababu haidai waya wake wa umeme. Ndani mna diski ngumu ya GB 500 na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 8. Gemu inafunguka pole pole mpaka mtu anaondoka kununua kahawa, na katikati ya mchezo picha inaganda nusu sekunde, kisha inaruka.

Dawa ya mashine ya namna hii ni vitu viwili tu: SSD (diski ya chipu) ya Samsung 870 EVO ya TB 1, na vipande viwili vya RAM ya aina ya DDR3 vya GB 8 kila kimoja. Zaidi ya hapo, pesa yako iweke kwa mashine nyingine.

Tuanze na SSD. Diski ngumu ya mizunguko 7200 kwa dakika husoma faili moja kubwa kwa MB 100 hadi 200 kwa sekunde, na hiyo si mbaya. Lakini gemu haisomi hivyo. Inaokota vipande vidogo vidogo huku na huku, kichwa cha diski kinakimbizana navyo, na kasi inashuka hata chini ya MB 2. SSD haina kichwa cha kusogea, kwa hiyo kazi hiyo hiyo inaifanya kwa makumi ya MB. Hapo ndipo GTA V inapoacha kukuweka ukitazama picha za mawingu, na ndipo Windows inapowaka kabla hujavuta kiti.

870 EVO ilitoka 2021. Samsung wanaiandikia kusoma MB 560 na kuandika MB 530 kwa sekunde, ambao ndio ukingo wa SATA yenyewe, njia inayounganisha diski na bodi kuu. Tunaipenda zaidi kwa jambo ambalo halionekani kwenye boksi: ile ya TB 1 ina DRAM (kumbukumbu ya haraka) yake ya GB 1, inayoshika ramani ya kila data ilipo. SSD za bei ya chini kama Kingston A400 hazina DRAM. Kwa kuwasha Windows hutaona tofauti kubwa, ila ukinakili gemu ya GB 100 kutoka diski ya rafiki, ile ya bei ya chini huanza kwa mbio kisha ikachoka njiani. Dhamana ya 870 EVO ni miaka 5 au uandishi wa TB 600, kitakachotangulia. Hiyo ni kama GB 328 kila siku kwa miaka yote mitano. Mcheza gemu hafiki huko.

Kuna watakaokushawishi ununue NVMe, SSD ya aina ya kasi zaidi, pamoja na adapta ya kuchomeka kwenye tundu la PCIe, lile la kadi za ziada, kwa hoja kwamba inafika MB 3,500. Bodi za kizazi hiki kwa kawaida haziwezi kuwasha Windows kutoka NVMe bila BIOS, programu ya bodi inayoiwasha kompyuta, kuchezewa, na ukiikosea BIOS bodi imekufa. Kwa gemu za umri huu, tofauti ya NVMe na SSD ya SATA ni sekunde chache tu. Achana nayo.

RAM ndiyo inayochanganya wanunuzi. Bodi hizi zinatumia DDR3, na DDR4 haiingii hata kwa nguvu, kwani pengo lake liko mahali pengine. Tafuta maandishi PC3-12800 au PC3L-12800, yaani kasi ya 1600. Yenye herufi L hutumia volti 1.35 na zote mbili zinakubalika hapa. Mitego ni mitatu. Wa kwanza ni RAM ya seva: kibandiko chake kina herufi R baada ya namba, PC3-12800R, na bei yake ni tamu, lakini kompyuta ya mezani haitawaka nayo. Wa pili ni vipande vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD pekee, ambavyo Intel haivioni. Wa tatu ni kipande kimoja cha GB 16 cha DDR3: kizazi hiki kinaishia GB 8 kwa kila tundu.

Nunua viwili vinavyofanana na uvitie kwenye jozi sahihi, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa pamoja. Kwenye Dell, jozi ya kwanza ni yale matundu yenye vishikizo vyeupe. Kwa bodi nyingine fuata mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko. Ukichanganya kipande cha 1333 na cha 1600, vyote vitakwenda kwa 1333. Baadaye fungua programu ya CPU-Z kwenye ukurasa wa Memory: ikiandika Dual (au 2 x 64-bit kwenye matoleo mapya) umepatia, ikiandika Single (au 1 x 64-bit) umekosea tundu.

Kabla ya kutia chochote, safisha. Hapa pwani hili si la hiari. Upepo wa bahari unaleta chumvi, makuti yanadondosha vumbi laini, na viwili hivyo vikikutana na unyevu vinafanya utando juu ya meno ya dhahabu ya RAM. Kitoe kipande kilichokaa miaka kumi, kiinamishe kwenye mwanga: meno yanayotakiwa kung'aa manjano yana ukungu wa kahawia, na pengine kidoti cha kijani ukingoni. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukienda upande mmoja, kisha acha ikauke. Matundu yapulize kwa blowa, usiyapulize kwa mdomo kwa sababu mate nayo ni maji. Kompyuta nyingi zinazosemwa zimekufa bodi zinafufuka kwa usafi huu peke yake.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa kumaliza chaji iliyobaki, kisha gusa chuma cha kasha. Linganisha pengo la RAM na kinundu cha tundu, bonyeza ncha zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe kwa mlio. Kosa linaloongoza ni upande mmoja kutoingia sawasawa: feni zinazunguka, skrini giza. HP hizi hulia mara tano huku taa ya kuwashia ikimeta nyekundu. Hapo itoe uitie upya kabla ya kumlaumu muuzaji. Ikishawaka, iache na MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi usiku mzima. Kosa hata moja tu, rudisha.

SSD hii ni ya saizi ya inchi 2.5, kwa hiyo nunua na kibebeo cha 3.5, skrubu nne na waya wa SATA mpya. Waya wa zamani uliolegea ndio unaofanya diski ipotee na kurudi. Ichomeke kwenye soketi ya SATA0. Ingia BIOS, kwa F10 kwenye HP na F2 kwenye Dell, uhakikishe SATA iko kwenye hali ya AHCI. Dell hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali nyingine, RAID On, na ukibadilisha baada ya Windows kuwekwa utakutana na skrini ya bluu.

Sisi tunashauri Windows iwekwe upya kuliko kunakili diski nzima yenye takataka za miaka. Na wakati wa kuiweka, diski ya zamani iwe imechomolewa kabisa. Ukiiacha, Windows inaweza kuweka faili za kuwashia humo, na siku utakapoitoa kompyuta haitawaka. Ukimaliza irudishe iwe ghala la video na gemu ndogo.

Sasa visivyobadilika. Fremu kwa sekunde zitabaki karibu pale pale, kwa sababu hizo ziko mikononi mwa kadi na prosesa. Kinachoondoka ni kule kuganda. Starfield inataka SSD na RAM ya GB 16, na sasa utakuwa navyo, lakini kadi wanayoianzia ni GTX 1070 Ti, hivyo 1050 Ti bado haimo. Tena Microsoft walimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha 4 hakimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Kwa gemu pekee sawa. Kwa mambo ya benki tumia kifaa kingine.

Stima nayo. 870 EVO haina kapasita za kuilinda umeme unapokatika ghafla, na data iliyokuwa njiani hupotea. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inakupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Gemu ikiharibika baada ya kukatika, Steam ina sehemu ya kukagua faili; itumie kabla ya kupakua GB 100 upya.

Ukiagiza Mombasa au Nairobi, kikifika kipime ndani ya muda wa kurudisha. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha saa SSD ilizowaka: mpya isiwe na mamia. Nyingine, H2testw, itajaza nafasi yote na kusoma tena, na SSD bandia ya TB 1 iliyo na GB 64 ndani hujulikana hapo. Kwa wa Lamu, kifurushi kitavuka kwa boti kutoka Mokowe, basi mwambie muuzaji akifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na kikitoka duka lenye kiyoyozi, kiache ndani ya mfuko wake saa nzima kabla ya kukifungua, maana joto la nje likikutana na chuma baridi linatoa jasho juu ya vidude.