Huduma ya kupima uasidi wa vichocheo yabisi kwa amonia: tathmini ya mteja

Nilipeleka sampuli tatu za kaolini (udongo mweupe) ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, zilizochomwa kisha kutibiwa kwa asidi ya salfa ili ziwe vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali, katika maabara ya chuo kikuu kimoja inayopokea kazi za nje kwa malipo. Njia yao ni ya amonia, gesi inayojishika kwenye asidi iliyo juu ya sampuli: sampuli hukaushwa kwa mkondo wa heli, gesi isiyomenyuka, katika nyuzi 300 za Selsiasi, hushibishwa amonia, hupitishiwa tena heli katika nyuzi 100 ili amonia iliyojishika juujuu iondoke, kisha hupashwa moto taratibu huku kigunduzi kikifuatilia gesi inayotoka. Asidi hafifu huiachia amonia mapema, na asidi kali huing'ang'ania hadi moto uzidi.

Mafundi ni waangalifu. Walipima uzito wa sampuli baada ya kuikausha, jambo la maana sana kwa udongo unaobeba unyevu mwingi, kwa kuwa kiasi cha asidi huhesabiwa kwa kila gramu.

Ripoti ndiyo iliyonitia mashaka. Grafu ya sampuli moja ilionyesha kilele kikubwa cha gesi inayotoka karibu na nyuzi 530, nacho kikaandikwa kuwa ni asidi kali. Kigunduzi chao hupima upitishaji joto wa gesi, hivyo hakiwezi kutenganisha amonia na mvuke wa maji, na kaolini ambayo haikuiva tanurini huanza kutoa maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake kati ya nyuzi 450 na 600 hivi. Niliomba kipimo kirudiwe bila amonia kabisa, na kilele kikajitokeza palepale. Hawakunitoza ada ya pili, nami nawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, kipimo hicho tupu kingepaswa kuwa sehemu ya huduma tangu mwanzo, kwani mwanafunzi asiyeujua udongo wake angeyatangaza maji kuwa asidi.

Amonia pia haielezi kama asidi ni ya Brønsted (inayotoa protoni) au ya Lewis (inayopokea jozi ya elektroni). Hilo huhitaji piridini, kemikali nyingine inayojishika kwenye asidi, na mashine ya spektra ya infraredi ya kuitazama, ambayo maabara hii haina.

Kwa kulinganisha sampuli za aina moja, naipendekeza. Mteja aombe kipimo tupu kwa maandishi anapokabidhi sampuli, na ataje joto alilozichomea, ili mashine isipandishwe kupita hapo.