Nimejaribu Suti Tatu za Kuzamia Kwenye Bwawa la Njombe

Habari zenu wadau, na wakubwa zangu shikamooni. Niko Uyole, Mbeya, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnaona wenyewe mvuke unavyonitoka mdomoni. Nimeamka mapema makusudi, maana kuna jamaa wa Dar kila video ananiandikia eti Tanzania hakuna maji ya baridi. Kaka, karibu Juni.

Kwa wageni: kazi yangu ni kuzama kwenye mabwawa ya umwagiliaji huko Njombe na Makete. Nazibua chujio la pampu, nakagua bomba, napanda juu. Safari iliyopita kipimajoto changu kilisoma nyuzi 13. Ukisikia 13 unaweza kusema mbona hata nje huwa hivyo? Nje una hewa. Maji yanakunyang'anya joto karibu mara 25 kuliko hewa.

Halafu kuna dada wa Iringa, anakwenda kusoma Norwei, wenzake wa huko huwa wanazamia chini ya barafu. Anauliza anunue suti gani kabla hajapanda ndege. Dada, vumilia, nakuja kwako.

Tuanze na suti hii nyeusi, nimeitoa mitumbani Mwanjelwa, elfu arobaini baada ya kuvutana sana. Unene wake milimita 3. Ni ya wale wanaoteleza kwenye mawimbi, ndiyo maana magotini imetiliwa kiraka kigumu. Kwa Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, inatosha kabisa, unaangalia mbuna, wale samaki wadogo wa rangi, kwenye mawe mpaka uchoke. Nyasa maji yake ya juu ni vuguvugu ukilinganisha na huku kwetu. Ila bwawani nilitoka nayo nimeshindwa kufungua bizimu ya mkanda wangu mwenyewe. Naiona, nimeishika, vidole havisikii amri. Mzee wa pampu ndiye aliyenifungua, kama mtoto wa chekechea.

Sogeza kamera hapa. Naibonyeza kwa kidole gumba… naachia. Mnaona shimo limebaki? Neopreni ni mpira wenye vipovu vidogo vya gesi ndani, na hivyo vipovu ndivyo blanketi lenyewe. Suti iliyozamishwa miaka mingi vipovu vyake vimekufa, umebaki mpira mtupu. Sasa hii nyingine, nabonyeza… imerudi yenyewe. Mitumbani fanya hivyo kabla hujauliza bei, na usionyeshe uso wa kufurahi.

Haya, hii ya bluu ndiyo iliyoniuma. Milimita 7, mpya, nimeagiza mtandaoni kwa hela ya maana. Muuzaji akaniambia chukua kubwa kidogo, utavaa sweta kwa ndani. Nikamsikiliza! Tazameni hapa mgongoni, juu ya kiuno: ngumi yangu nzima inaingia. Suti ya aina hii haizuii maji. Inaacha maji kidogo yaingie, yanakaa kati ya ngozi na mpira, mwili unayapasha, basi unatulia. Ikipwaya, kila ukirusha mkono maji uliyoyapasha yanatoka, mapya ya baridi yanaingia. Unafanya kazi ya kupasha bwawa la watu. Na lile sweta la pamba likilowa ni mzigo tu.

Ndiyo maana niliyovaa sasa hivi, milimita 5, imeishinda ile ya 7. Inabana mpaka kwapani. Juu yake naongeza fulana ya mpira yenye kofia, kwa hiyo kifuani ni tabaka mbili. Kofia msiidharau: shingo wazi ndio mlango wa maji. Kuivaa ni vita, sisemi uongo. Zamani tulikuwa tunavaa rambo za plastiki mguuni ili mpira uteleze. Tangu zipigwe marufuku 2019 natumia soksi za nailoni za mke wangu, na yeye hajui, kwa hiyo tusimtagi.

Jambo moja wauzaji hawalisemi. Milimita zinahesabiwa dukani, juu ya meza. Ukishuka mita 10, mgandamizo unakuwa karibu mara mbili na vile vipovu vinasinyaa. Suti uliyoinunua nene inakuwa nyembamba pale pale unapoihitaji. Bwawa langu lina mita 6, siumii sana.

Sasa dada wa Iringa. Chini ya barafu ya ziwa, maji yanayogusa barafu yapo karibu na sifuri, na huko chini ni kama nyuzi 4, kwa sababu maji hufikia uzito wake wa juu kwenye nyuzi 4 na kuzama. Bahari ndio mbaya zaidi, inaweza kushuka mpaka chini ya sifuri kidogo kabla haijaganda, sababu ya chumvi. Hapo hizi zangu zote tatu weka pembeni. Unahitaji suti kavu, ile yenye mpira wa kubana shingoni na mikononi, maji hayaingii kabisa. Ila nyingi ni kitambaa tu kama koti la mvua, hazina joto lake. Joto ni la nguo unazovaa ndani, na ziwe za sufu au flisi.

Kwa hiyo usinunue chochote hapa. Suti kavu ina hewa ndani, hewa inatanuka unapopanda, asiyefundishwa inaweza kumrusha juu miguu ikitangulia. Na kule juu yako kuna dari la barafu, unatoka kwa tundu moja, na kamba imeshikwa na mtu. Hata kifaa cha kupumulia kinatakiwa kiwe cha maji baridi, cha kawaida kinaweza kuganda hewa ikaanza kumwagika bila kukoma. Soma kozi hukohuko, azima suti yao. Hela yako nunulia nguo za ndani za sufu.

Ah, na wale mnaoniambia nipige ulanzi kwanza ili nipate joto: pombe inafungua mishipa ya ngozini, joto linatoka haraka zaidi. Ulanzi nakunywa jioni, nikiwa nimeshavaa koti.

Glavu sijazigusa leo, maana ya kushoto panya kaitafuna kidole. Nikipata nyingine nitawaonyesha. Sasa mtu anishikie hii zipu ya mgongoni… taratibu bwana, taratibu!